Maneno ambayo hakuna mama aliyeyasema

Shikamoo Mama,

Nimeisoma safu hii tangu nikiwa chuoni na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mwenyewe. Nina miaka 28. Ni afisa ufuatiliaji na tathmini katika shirika moja lisilo la kiserikali mkoani Morogoro. Mradi wetu ni wa afya ya mama na mtoto, fedha zinatoka nje ya nchi, na mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Nyumbani mimi ndiye tegemeo. Mama yangu ana kisukari, na mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu.

Mwezi wa tatu tulikwenda vijijini kuzungumza na akina mama waliojifungua ndani ya mwaka uliopita. Tuliwahoji 42 katika vijiji vinne. Kila mmoja nilimsomea fomu ya ridhaa kabla sijawasha kinasa sauti: kwamba maelezo yake yatabaki ndani ya shirika na jina lake halitatajwa. Wengine wanaishi na VVU, na walinieleza mambo ambayo hata mama mkwe anayelala chumba cha pili hayajui. Tulirudi na saa 31 za sauti.

Miaka yote kazi ya kuandika mahojiano neno kwa neno ilifanywa na mzee mmoja tunayemwita Baba. Ni mwalimu mstaafu, Kikaguru amezaliwa nacho, na alikuwa akifanya kazi hiyo kwa mkataba wa muda mfupi kila mwaka. Safari hii mkurugenzi alisema hatumhitaji tena. "Siku hizi kuna akili mnemba, wenzetu wote wanatumia." Mimi nikapewa siku kumi nitoe ripoti ya Kiingereza ya kurasa 40. Akaongeza, "Ziwemo sauti za akina mama, wafadhili wanazipenda."

Nikafanya hivi. Nilipakia sauti kwenye programu ya kuzigeuza kuwa maandishi. Maandishi yalipotoka nikayabandika yote kwenye programu ya akili mnemba, kwa akaunti yangu ya bure: majina, vijiji, hali zao za afya, kila kitu. Nikaiomba ifupishe, itafsiri, na inichagulie nukuu nzuri kwa kila sura. Siku ya nne ripoti ilikuwa mezani. Mkurugenzi alinisifu kwenye kikao cha wafanyakazi wote, watu wakapiga makofi.

Kuna nukuu moja iliyopendwa kuliko zote. Imeandikwa kuwa ni ya mama wa miaka 24, mkulima: "Kabla ya mradi huu nilikuwa gizani. Leo mimi ni taa kwa wanawake wa kijiji changu." Imewekwa kwenye jalada la ripoti. Imechapishwa kwenye bango lililosimamishwa pale mapokezi. Ripoti imeshakwenda kwa mfadhili.

Wiki mbili zilizopita mtu wa mawasiliano aliniomba kipande cha sauti cha mama huyo akiweke kwenye video. Nimetafuta kwa usiku tatu, sipati. Wenye miaka 24 ni wawili tu. Mmoja hakusema chochote kinachokaribia hapo. Wa pili alisema hivi, nimemsikiliza mara nyingi mpaka nimekariri: "Usiku nikashikwa na uchungu. Bodaboda akataka elfu ishirini. Mume wangu akaenda kugonga kwa jirani, akauza kuku watatu. Tumefika njia panda, mtoto huyo."

Mama, nilipoitafuta sehemu yake kwenye ripoti nikaikuta sura ya tano, kwenye kichwa cha migogoro ya ndoa. Programu ilisoma "uchungu" ikatafsiri kwamba alijawa na hasira na huzuni juu ya mumewe. Bodaboda hayumo. Kuku hawamo. Na kujifungulia njia panda hakumo.

Sijamwambia mtu isipokuwa rafiki mmoja wa ofisini. Yeye anasema nifute historia yote kwenye simu, ninyamaze, nukuu nzuri haijamdhuru mtu yeyote. Mkurugenzi naye ameshadokeza kuwa mkataba wangu utaongezwa kwa sababu ya kasi yangu. Baba nakutana naye sokoni Jumamosi. Ananiuliza kwa upole, "Kazi inakwendaje, mwanangu?" na mimi nashindwa kumtazama usoni.

Nimekosa mimi, au imekosa mashine? Nikisema, nitafukuzwa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nishauri.

Binti yako, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye kuku watatu. Nitarudi hapo. Kwanza nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye safu hii.

Mimi nilisoma uhazili Tabora, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa katibu mahsusi. Wasichana wa leo hawaijui hatimkato, ule uandishi wa haraka wa alama, lakini sisi tulifanyiwa mtihani wa maneno 100 kwa dakika moja, na ukishindwa huo hupati daraja. Kazi ilikuwa kukaa pembeni ya kikao na kuyashika maneno ya watu wengine yasimwagike. Mwaka mmoja kulikuwa na kikao cha uongozi na wafanyakazi. Alisimama fundi mmoja wa karakana, mtu mzima, akaongea kwa kasi na kwa hasira. Kalamu yangu ikaachwa. Niliporudi kwenye taipureta jioni nikakuta mstari mzima wa alama siusomi. Ningeweza kwenda karakana kumuuliza, ni hatua mia mbili tu. Nilikuwa nimechoka, na bosi alitaka muhtasari asubuhi. Nikaandika kile nilichodhani lazima alikisema: kwamba wafanyakazi wanaiomba menejimenti iangalie upya suala la malipo ya saa za ziada. Sentensi nzuri. Bosi aliipenda.

Kumbe yule fundi alikuwa ametaja miezi saba ya malipo ambayo hayajalipwa. Miezi saba, kwa hesabu. Walipokwenda kudai wakafunguliwa faili wakaonyeshwa muhtasari: nyie mliomba tu suala liangaliwe, hamkudai kitu. Nikaja kujua. Nilikaa wiki tatu nisilale ndipo nikaenda kusema. Nilipewa onyo la maandishi na likabaki kwenye faili langu mpaka nastaafu. Muhtasari ulisahihishwa kwenye kikao kilichofuata. Yule fundi hakunisalimia tena, na nilimwelewa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama umekosa, najibu kama mtu aliyekaa kiti hicho hicho. Ndiyo, mwanangu, umekosa. Hukukusudia kumdhulumu mtu, na hilo nalijua. Lakini ulipewa amana. Mama amekaa kwenye kigoda chake, mtoto mgongoni, umemsomea karatasi akakubali, akafungua moyo. Maneno yake yakawa mikononi mwako, nawe ukayapitisha kwa kitu ambacho hakijui kama yeye yupo.

Mashine je? Nimejitahidi kuelewa zinavyofanya kazi, maana wajukuu zangu wanazitumia. Zimelishwa maandishi mengi mno, na kinachofanyika ndani ni kukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata neno jingine. Ukiiomba nukuu ya kugusa moyo kutoka kwa mkulima wa miaka 24, itakutungia maneno yanayofanana na nukuu za namna hiyo zilizowahi kuandikwa kwenye vipeperushi na ripoti za miradi ya dunia nzima. Hebu ichunguze hiyo nukuu yako: giza, taa, wanawake wa kijiji changu. Umezunguka vijiji vinne, umesikiliza saa 31. Ni mama gani aliyewahi kuzungumza nawe hivyo? Sikio lako lingeikataa siku ile ile kama ungeisoma kwa sauti.

Na neno "uchungu" ndilo limenitia huzuni zaidi. Kila mwanamke wa Kiswahili anajua uchungu ni nini mtu akisema umemshika usiku. Programu hizi zimesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, na Kikaguru karibu hazijakiona. Pale lugha yetu ina maana mbili, zinaokota moja na kusonga mbele bila kusita. Mtu akiwa hana uhakika atasita, atakunja uso, atauliza mwenzake. Zenyewe husema kwa sauti ile ile iliyonyooka, penye ukweli na pasipo ukweli. Ndiyo maana ulidanganyika, na si wewe wa kwanza.

Mwaka 2025 kampuni kubwa ya ushauri ya Deloitte ilikubali kurudisha sehemu ya malipo kwa serikali ya Australia. Ilikuwa imeiandikia ripoti kuhusu mfumo wa ustawi wa jamii, kazi ya takriban dola 440,000 za huko. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu alipoisoma akakuta vitabu na makala zilizotajwa humo ambazo hazijawahi kuandikwa, na nukuu ya hukumu ya mahakama ambayo haikuwemo kwenye hukumu. Toleo la pili lilitoka likiwa limeondolewa hayo, na likakiri kwamba akili mnemba ilitumika. Kumbuka, hao ni watu wenye ofisi dunia nzima na wakaguzi wa kila ngazi. Wewe ulikuwa peke yako na siku kumi.

Hapo sasa niseme na mkurugenzi wako, kama naye anasoma. Saa moja ya sauti humla mwandishi mzoefu saa nne mpaka sita kuiandika neno kwa neno. Chukua hesabu ya chini, zidisha kwa 31, ni saa 124. Hizo ni zaidi ya wiki tatu za kazi kabla hujatafsiri mstari mmoja wala kuandika ukurasa mmoja wa ripoti. Yeye alitoa siku kumi kwa vyote. Akasema tumieni akili mnemba, bila mwongozo hata wa nusu ukurasa: programu gani, kwa akaunti ya nani, taarifa zipi zisiguse humo, nani anakagua kabla haijatoka. Kiongozi anayeagiza hivyo ana sehemu yake kubwa katika kosa hili. Wala asije akasema mashine ndiyo iliyokosea. Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu kujitetea hivyo. Programu yake ya kujibu wateja ilimpa abiria aliyefiwa na bibi yake maelezo potofu ya nauli. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, likasema kampuni ndiyo inayowajibika kwa kila kilicho kwenye tovuti yake, ikamlipa.

Lakini wewe hukuniandikia nimhukumu mkurugenzi. Unataka kujua ufanye nini, na rafiki yako ameshakupa ushauri wake: nukuu nzuri haijamdhuru mtu.

Imemdhuru, mwanangu. Turudi kwa wale kuku watatu.

Mfadhili anasoma ripoti ili ajue fedha ya mwakani aipeleke wapi. Mama wa kweli alimwambia, kwa kinywa chake, kwamba usiku usafiri ni bodaboda, bodaboda ni elfu ishirini, na elfu ishirini kwake ni kuku watatu na mlango wa jirani usiku. Amemwambia kwamba hata hivyo walichelewa. Ndani ya sentensi nne amewapa tatizo, bei yake, na matokeo yake. Mtaalamu wa kulipwa asingeweza kulieleza vizuri zaidi. Ripoti yako imemfuta, ikaweka mahali pake mama wa taa ambaye hana shida yoyote iliyobaki, na yeye mwenyewe ikampeleka sura ya tano awe mke mwenye ugomvi na mume aliyeamka usiku kumuuzia kuku. Sasa mradi utapewa fedha za semina za wanandoa. Mwakani mwenzake atashikwa na uchungu usiku, na njia panda iko pale pale.

Hiyo ndiyo sababu ya kusema. Sijaitaja dhamiri yako wala usingizi wako. Ripoti inaweza kusahihishwa leo, bajeti ikishapangwa haitasahihishwa.

Jambo la pili hujaliuliza, lakini nimeliona nikashtuka. Majina ya akina mama wanaoishi na VVU uliyabandika kwenye akaunti ya bure. Katika akaunti nyingi za namna hiyo, mazungumzo yako huweza kutumika kuifundisha programu, mpaka mwenyewe uingie kwenye mipangilio uzime. Taarifa hizo zimesafiri kwenda kwenye kompyuta za nchi nyingine. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Taarifa za afya zimewekwa humo katika kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kabla ya hapo, tangu 2008, sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya hali ya mtu. Na hata tukiziweka sheria pembeni, ipo ile karatasi uliyowasomea: maelezo yatabaki ndani ya shirika. Hayakubaki. Wao walikubali kusikilizwa na wewe. Hawakukubali hili lingine, maana hata halikutajwa.

Kwa hiyo usifute kitu kwa siri kama anavyotaka rafiki yako. Kwanza andika: ulipakia nini, tarehe ipi, programu gani, akaunti gani. Piga picha za skrini kama ushahidi. Zima mara moja huo mpangilio wa kufundishia programu. Kufuta kutafuata, mkurugenzi akijua, na kama shirika lina mtu aliyeteuliwa kusimamia ulinzi wa taarifa, yeye awepo. Huenda kufuta kusirudishe kila kitu, nayo hiyo iandikwe. Kama akina mama wale waambiwe au la, na kwa njia gani isiyowaumbua mbele ya majirani, hilo ni la shirika kuamua kwa ushauri wa mwanasheria. Maoni yangu ni kwamba wana haki ya kujua, na aende mtu wanayemwamini, kwa mguu, nyumba moja moja. Isitumwe meseji.

Halafu kabla hujaenda popote, ichukue ripoti na sauti zako. Kila nukuu iliyomo, uitafute kwenye kanda. Andika orodha: nukuu, namba ya mahojiano, dakika ya ngapi. Isiyopatikana, andika haipo. Nina hofu haitakuwa ile moja tu. Utakuta nyingine ni nusu kweli, zimepambwa, zimeunganishwa za akina mama wawili. Na tafsiri nazo uzipitie, hasa maneno ya mwili na ya uzazi. Ni kazi ya siku kadhaa, tena ya kuchosha, lakini ukienda mkono mtupu mkurugenzi atasikia msichana anayelia, na atakuambia usijali. Ukienda na orodha, atasikia tatizo ambalo limeshapimwa.

Umwone asubuhi, ofisini kwake, mlango umefungwa. Usimwandikie WhatsApp, na usianze na Baba wala siku kumi, maana ukianza na lawama masikio yatafungwa. Anza na lako. Sema: "Mkurugenzi, nimekagua ripoti niliyoiandika nikakuta nukuu ambazo hazimo kwenye sauti, ikiwemo ya kwenye jalada. Ni kosa langu kutozikagua kabla. Pia niliweka taarifa za akina mama kwenye programu bila kuondoa majina. Hii hapa orodha, na hili hapa pendekezo la marekebisho. Naomba tumwandikie mfadhili wiki hii." Kisha unyamaze umwache asome. Hayo ya siku kumi na ya kukosa mwongozo atakuja kuyafikia mwenyewe akiuliza ilitokeaje, na hapo umjibu ukweli bila kuuzungusha.

Unasema utafukuzwa. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Mimi nilipata onyo, wewe unaweza kupata zaidi, na mama yako anahitaji dawa kila mwezi. Ninaujua uzito wake. Lakini angalia na upande wa pili. Mtu wa mawasiliano anasubiri sauti. Mfadhili anaweza kusema anakuja kumtembelea mama wa taa. Bango liko mapokezi, kila mgeni analisoma. Unadhani hakuna atakayejua, wakati tayari mmoja anakuomba ushahidi na mwingine wa ofisini anajua kila kitu. Mwaka 2023 wanasheria wawili wa New York waliwasilisha mahakamani kesi sita zilizotungwa na programu ya ChatGPT. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000, na aliposema sababu, hakukomea kwenye kosa la kuzitumia. Lililowaponza ni kwamba walipoulizwa ziko wapi kesi hizo, waliendelea kuzitetea. Wewe bado hujaulizwa swali hilo uso kwa uso. Siku utakapoulizwa utalazimika ama kusema kweli kwa kuchelewa ama kuanza kusema uongo kwa mdomo wako mwenyewe, na hapo mashine haitakuwa na sehemu tena.

Itakuwaje akikuambia nyamaza? Yapo maofisi ya namna hiyo. Basi siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe fupi, ya heshima, ukirudia mliyozungumza na kuambatanisha orodha. Mashirika mengi yana bodi, na mikataba ya ufadhili huwa na njia ya kutoa taarifa. Tumia ngazi, moja baada ya nyingine. Na usiweke jina lako kwenye ripoti nyingine mpaka hii imesahihishwa. Mkataba ulioongezwa kwa sababu ya kasi ile utakudai kasi ile ile kila mwaka, na kila mwaka utakuwa na mama mwingine wa kutunga.

Sasa Baba.

Hukumtoa wewe kazini, usijibebeshe hilo. Lakini wewe ndiye unayejua sasa, kuliko mtu yeyote ofisini, kwa nini alikuwa anahitajika. Yeye asingeandika kwamba mama alikuwa na hasira. Angecheka kidogo, angeandika uchungu wa uzazi, na pembeni angeongeza kwamba njia panda ile iko karibu na wapi. Kwenye pendekezo lako la marekebisho, weka jina lake na siku za kazi atakazolipwa. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi inaweza kutoa rasimu ya kwanza, ikiwa iko kwenye kompyuta ya ofisi na majina yameshawekewa namba, na yeye akaisahihisha akisikiliza. Itampunguzia mzigo wa vidole, na masikio yake ndiyo mtakayokuwa mnayalipia. Mimi siwachukii wanaotumia akili mnemba. Ikusaidie kunyoosha Kiingereza chako, kupanga majedwali, kukuonyesha mada gani zimejirudia kwenye mahojiano. Kauli ya mtu aliye hai isiguse. Na mwanzoni mwa ripoti muandike mstari mmoja wa wazi kwamba ilitumika, kwa kazi gani, na nani alikagua.

Jumamosi ukikutana naye sokoni, usimkwepe. Mwamkie, mwambie unahitaji msaada wake kwenye kanda. Akikuuliza kimetokea nini, mwambie. Ni mwalimu, ameona makosa mengi ya watoto wa watu.

Na yale maneno ya mama wa kuku watatu yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti mpya, kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake, tafsiri ikae chini yake. Kabla ya hapo, mtu aende kumuuliza kama anaridhia. Ukishaonana na mkurugenzi, niandikie. Na uniambie mtoto aliyezaliwa njia panda anaendeleaje.